Watoto wanataka niuze baiskeli iliyonifikisha Mombasa

Habari yako mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu, naishi Donholm. Mume wangu alifariki miaka michache iliyopita, tulijaliwa watoto watatu na wote ni watu wazima sasa. Kifungua mimba yuko Ruaka na familia yake, wa pili yuko Marekani, kitinda mimba analala kwangu lakini kumpata ni shida, ni kazi na marafiki. Nimekuwa nikisoma majibu yako kitambo na sikuwahi kuandika manake shida zangu niliona ni zile za kila mtu. Hii nayo sijui nimpelekee nani.

Mwaka huu niliendesha baiskeli kutoka Nairobi mpaka Mombasa. Si mashindano wala si mchango wa kitu, hakuna aliyetutuma. Tuko na kikundi cha mtaani, wastaafu wachache na vijana wawili watatu, Jumamosi asubuhi tunazunguka kabla magari hayajajaa, na siku moja mtu akasema hivi kwa nini tusiende mpaka tuone bahari. Ikaanza kama stori tu, alafu watu wakaanza kuweka pesa.

Baiskeli mimi nilijulia kwetu Butere. Baba alikuwa na Black Mamba, ile nzito ya chuma, na kwa sababu sikuwa nafika kwa kiti nilikuwa napitisha mguu mmoja chini ya ile paipu ya juu, unakanyaga ukiwa umejipinda upande mmoja mpaka kisimani na mtungi kwa keria. Alafu nikasoma, nikaolewa, nikaja Nairobi, nikakaa miaka na miaka bila kugusa baiskeli. Baada ya kumzika mzee usingizi ulinipotea na presha ikapanda, daktari akaniandikia dawa na akasema nitafute zoezi nitakalopenda. Nikanunua baiskeli ya mtumba ya gia, nikaanza tena.

Sasa hiyo safari ya Mombasa, mshauri, wacha nikueleze kidogo manake hapa nyumbani hakuna aliyetaka kuskia. Ni karibu kilomita 480. Watu hufikiri kwa vile Nairobi iko juu, mita kama 1,700, na Mombasa iko baharini, basi ni mteremko mtupu unakaa tu unapelekwa. Si hivo. Kutoka Mlolongo kuna malori mpaka unahisi yakikuvuta yakipita, alafu kuna vilima vya Salama, ukipita Emali barabara inapanda inashuka inapanda tena, na upepo wa kusi unakupiga kifuani mchana kutwa kwa sababu unatoka kule kule unakoelekea. Tulikuwa tunaondoka alfajiri, jua likikolea tunapumzika chini ya mti, jioni tunasonga tena kidogo, na pikapu ya mizigo iko nyuma yetu imewasha taa. Makindu tulilala kwa hekalu la Masingasinga, unavua viatu unafunika kichwa unapewa chapati na dengu na chai bila kuulizwa wewe ni nani wala dini gani. Mimi nimelisha watu maisha yangu yote, shuleni, kanisani, matangani, na nilipoketi pale chini nikawekewa chakula na mtu nisiyemjua nililia, na sikuona aibu.

Mtito Andei ukiipita unaingia Tsavo na hapo hata wale vijana wa maneno mengi walinyamaza. Tulienda tumeshikana karibu karibu. Tuliona ndovu, wale wekundu kwa ajili ya udongo wa huko, wako mbali na barabara wanakula mambo yao. Kutoka Voi ni joto na nyika, nyika na joto, magoti yananiuma na mikono imekufa ganzi, na pale Mackinnon Road kuna msikiti kando ya reli wenye kaburi la Seyyid Baghali ambapo madereva husimama kuomba safari njema. Mimi ni Mkristo lakini nilisimama nikaomba pia. Alafu Mariakani hewa ikabadilika ikawa nzito, minazi ikaanza, nikanunua dafu, na yule mama wa madafu akaniuliza umetoka wapi bibi, nikamwambia Nairobi, akaita wenzake wote waje waone.

Hicho ndicho kitu ambacho kimenikaa. Njia nzima watu walikuwa wananiuliza. Mama unatoka wapi, unaenda wapi, umekula, umepumzika, kwa nini unafanya hivi. Na mimi nilikuwa na majibu.

Tulirudi na treni, baiskeli zikaja na pikapu. Kifungua mimba wangu alikuja kunichukua pale Syokimau na hakusema neno mpaka tukafika kwangu, alafu ndo akasema mama hii ni ya mwisho, ukigongwa na trela sisi tutasema nini kwa watu. Usiku huo huo ikaanza kwa grupu ya familia, yule wa Marekani anatuma video za ajali, mkaza mwana anasema watu kanisani wanauliza kama mama yuko sawa, shangazi zao wanasema mwanamke mzima mjane kupanua miguu kwa barabara na suruali ni fedheha. Alafu yaya wa kifungua mimba kule Ruaka akaenda kwao hakurudi na sasa mpango ni nihamie Ruaka nikae na wajukuu siku za wiki. Wajukuu nawapenda sana. Lakini hakuna aliyeniuliza, nimeambiwa tu chumba kiko tayari. Na baiskeli tayari imepata mtu wa kununua, rafiki yake kifungua mimba, anakuja Jumapili hii na pesa taslimu.

Na jambo lingine ndilo linanisumbua zaidi. Tangu nirudi niko kama mtu aliyepoteza kitu. Saa kumi na moja mwili unaamka unataka kuondoka, na hakuna pa kwenda. Jumamosi sijaenda tena na kikundi, nawaambia niko na wageni. Chakula hakina ladha. Mtu akinisifu kwa hiyo safari naskia uchungu badala ya furaha. Nilidhani nikifika nitatosheka, kumbe sasa nataka kwenda tena, mbali zaidi, nataka kufika kwetu Butere kwa baiskeli nikiwa bado na nguvu. Je huu ni ugonjwa? Watoto wana haki? Niiuze nitulie nilee wajukuu kama wenzangu?

Mama wa Donholm

JIBU

Mama, pokea salamu zangu kwa heshima zote, na hongera. Nakupa hongera hizo kwanza kabla ya kitu kingine manake kwa barua yako yote sijaona mahali mtoto wako hata mmoja amekupa, na kilomita 480 kwa miguu yako mwenyewe ukiwa na miaka 63 si jambo la kupokelewa na mtu aliyenuna kwa gari.

Hapana, usiiuze. Sababu zipo na naomba unisome polepole.

Huo utupu unaouskia umewapata wengi waliomaliza safari ndefu, hata vijana, hata wanaofanya hiyo kazi kwa mshahara. Ulikuwa na mwili unaofanya kazi masaa mengi kila siku, kichwa kina jambo moja tu la kufikiria, jioni iko na mji wa kufikia, watu wa kucheka nao. Vyote vikakatika mara moja pale stesheni. Juu ya hayo ukaacha hata ile Jumamosi yako ndogo, kwa hivyo mwili umetolewa kwenye kazi nyingi ukawekwa kwenye sufuri. Mtu yeyote angechoka roho. Lakini kuna kitu kingine umekiandika kwa sentensi moja ukapita haraka: ulianza kuendesha baada ya kumzika mzee, usingizi ukiwa umekwisha. Mimi naona hiyo baiskeli ilikuwa inakusaidia kubeba msiba, na uliposimama msiba ukakukuta umekaa kitandani saa kumi na moja asubuhi. Kwa hivyo jambo la kwanza kabisa, Jumamosi hii rudi kwa kikundi. Waambie ukweli kwamba hukuwa na wageni, ulikuwa chini. Wale mlipita Tsavo pamoja, hawatakucheka, na nina hakika kuna mmoja wao anaskia hivo hivo na amenyamaza.

Kama hata ukirudi bado chakula hakipiti, usingizi haupo na unaona siku hazina maana, na hali hiyo imezidi wiki mbili, nenda ukamweleze daktari wako wa presha mambo hayo yote, si presha peke yake. Huzuni ya namna hiyo inatibika na si aibu, na haimaanishi umerukwa na akili kama mnong'ono wa kanisani unavyotaka.

Sasa watoto. Nimesoma hayo maneno yao nikaona wamechanganya mambo ambayo hayafanani na wakakutwika yote kwa pamoja, kwa hivyo ukijibu moja unajikuta umekubali mengine.

Hofu yao ya barabara ni ya kweli na nakuomba usiidharau. Nchi hii inapoteza zaidi ya watu 4,000 kwa ajali za barabarani kila mwaka. Kijana wako aliposema trela alikuwa anaona kitu ambacho sisi wote tumekiona kwa macho. Ameshazika baba. Alikuja kukuchukua akiwa amekaa siku zote hizo na simu mkononi akingoja mbaya, na mtu aliyeogopa namna hiyo akipata nafuu mara nyingi hutoa hasira. Hofu hiyo ijibu kwa vitendo: taa ya nyuma inayowaka hata mchana, rangi za kuonekana, helmeti, gari nyuma yenu, barabara ya kuchagua kwa makini, na simu kila mkisimama. Mwonyeshe hivyo vitu, avishike.

Fedheha nayo, hilo ni la shangazi zao, wabaki nalo. Msichana aliyepeleka mtungi kisimani kwa Black Mamba Butere hakuaibisha mtu, na huyo ndiye yule yule. Usipoteze pumzi kuwaeleza kuhusu suruali.

Hapa kwa kulea wajukuu ndipo nataka tukae, kwa sababu nafikiri ndipo jambo lenyewe lilipo. Uliandika kwamba njia nzima watu walikuwa wanakuuliza, na ukaandika kwamba kuhusu Ruaka hakuna aliyekuuliza, umeambiwa chumba kiko tayari. Mama, hayo mawili uliyaandika mbali mbali lakini mimi nayasoma pamoja. Kinachokuuma si bahari uliyoiacha. Muuza madafu wa Mariakani alikuona mtu mwenye safari yake, na ukifika nyumbani umekuwa mtu wa kupangwa. Umefundisha watoto wa watu mpaka ukafika 60 ukastaafu, umelea wako watatu, umeuguza na kuzika. Kulea wajukuu ni baraka ukiitoa mwenyewe. Ukipangiwa ni kazi ya ndani bila mshahara, hata kama wajukuu unawapenda, na najua unawapenda.

Kwa hivyo usiseme hapana ya jumla na usiseme ndio ya jumla. Sema unachoweza. Labda siku mbili kwa wiki Ruaka mpaka wapate yaya mwingine, labda mwezi mmoja mzima alafu basi, labda wajukuu waletwe Donholm wikendi, wewe ndiye unajua nguvu zako. Lakini Jumamosi asubuhi itoe kwa mjadala, hiyo ni yako. Nyumba yako ya Donholm pia usiifunge kwa sababu ya yaya aliyeenda kwao.

Na hii ya mnunuzi fanya leo, usingoje Jumapili mtu amefika na pesa mkononi mkaanza kubishana mbele ya mgeni. Usiandike kwa grupu, huko kila mtu ataongeza chumvi. Mpigie kifungua mimba simu jioni akiwa ametoka kazi umwambie, mwanangu, baiskeli haiuzwi, mwambie rafiki yako asisumbuke kuja, na wewe njoo Jumapili na watoto tule chakula, nataka kukuelezea safari yangu kuanzia mwanzo. Alafu mwelezee. Yote, Makindu na machozi na msikiti na minazi. Hajaiskia. Amehukumu safari ambayo hajawahi kusimuliwa, na wewe umeketi nayo kifuani peke yako.

Kuhusu umri wako. Kulikuwa na mzee Mfaransa anaitwa Robert Marchand, alizaliwa 1911, akarudi kwa baiskeli akiwa ameshapita 60, na Januari 2017 akiwa na miaka 105 aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja uwanjani. Alifariki 2021 akiwa na 109. Wewe una 63. Lakini mwili wa 63 unadai heshima yake na hapa nitakuwa mkali kidogo. Tunapozeeka kiu inachelewa kuja, mwili umeishiwa maji na wewe huskii kitu, na baadhi ya dawa za presha zinatoa maji mwilini zaidi, kwa hivyo kabla ya safari nyingine ndefu mpelekee daktari hizo tembe zako umuulize zinaendaje na jua la mchana kutwa. Kunywa kwa saa, usingoje kiu. Magoti yanayouma mara nyingi ni kiti kiko chini mno, mwambie fundi akipandishe mpaka pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Mikono kufa ganzi ni kulalia usukani kwa muda mrefu, badilisha mshiko kila mara, weka gripu laini. Na baiskeli haijengi mifupa vizuri kwa sababu umekaa, uzito hauko kwa miguu, kwa hivyo siku zingine tembea, panda ngazi, inua vitu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za zoezi la wastani kwa wiki, na aliyefika 65 aongeze ya nguvu na ya kusimama imara ili asianguke. Unakaribia huko, anza sasa.

Butere nayo. Nilipofika hapo kwa barua yako nilisimama nikasoma tena. Nenda, mama. Lakini si kesho, na si kwa njia ya kwanza itakayokuja kichwani. Ile ya kushuka Mai Mahiu ni nyembamba na trela zimeshikana, na ile ya kutoka Nakuru kwenda Mau Summit na Kericho ndiyo ile ya Londiani, ambapo Juni 2023 lori liliacha barabara likaua zaidi ya watu 50 waliokuwa kando wakiuza na kungoja gari. Sikutishi, nakuambia kwa nini kijana wako halali. Mteremko wa Bonde la Ufa shukeni na gari, baiskeli zikiwa kwa pikapu, muanzie Nakuru. Kutoka hapo kuna njia ya Eldama Ravine, Eldoret, Kapsabet mpaka Chavakali. Ina milima, utatoka jasho kuliko Salama, hewa ni baridi na asubuhi kuna ukungu, lakini trela si nyingi kama ile nyingine, na ukishaanza kushuka kutoka Kapsabet uko kati ya majani chai mpaka unaskia watu wanaongea lugha yako. Kabla ya hapo jaribuni safari ya kati. Thika Road iko na njia ya pembeni ya baiskeli, na kutoka Kenol mpaka Sagana na Marua barabara imepanuliwa, mnaweza kupanda taratibu mpaka Nanyuki mkapigwa picha pale kwa ikweta mkarudi. Hiyo itakuonyesha magoti na presha vinasemaje kwa mlima.

Na pikapu ya nyuma siku ya Butere, usitafute dereva mwingine. Jumapili mkimaliza kula, ukishamaliza kusimulia, muulize kifungua mimba kama ataiendesha yeye. Atakuwa nyuma yako na taa zimewashwa, ataona kila gari linalokuja kabla yako, na wajukuu wanaweza kukaa naye mbele. Shule zikifungwa Agosti muda upo, na Butere ni kwao pia.